KANI, NISHATI NA NGUVU: SOMO LA MOTA YA KUSAIDIA BAISKELI

Katika lugha yetu ya kila siku neno "nguvu" hubebeshwa mizigo mingi. Mtu mwenye misuli ana nguvu. Chai iliyokolea majani ina nguvu. Betri ya tochi iliyokwisha haina nguvu. Gari lipandalo mlima bila kusita lina nguvu. Mzungumzaji hapati shida, kwa kuwa msikilizaji humwelewa kutokana na mazingira ya maneno. Lakini mwanafunzi aingiapo darasa la fizikia huambiwa kwamba kani ni jambo moja, nishati ni jambo la pili, na nguvu ni jambo la tatu. Aghalabu hukariri fasili zote tatu, huzijibu vema katika mtihani, kisha hutoka nje na kuendelea kuamini kwamba ni kitu kimoja.

Makusudi ya makala haya ni kueleza njia moja ya kuyatenganisha mambo hayo matatu kwa vitendo, yaani kwa kuunda mota nyepesi ya umeme ya kumsaidia mpanda baiskeli. Njia hii nimeitumia na wanachuo wa ualimu. Mara ya kwanza tulishindwa, na nitaeleza tulivyoshindwa, kwa maana mafunzo makubwa zaidi yalitokana na kushindwa huko.

Kwa nini baiskeli?

Kanuni ya kufundisha kutoka lijulikanalo kwenda lisilojulikana yatutaka tuanze na kitu ambacho mwanafunzi amekwisha kukigusa. Baiskeli ni kitu hicho. Wengi wameipanda, wengine wameitengeneza, na karibu wote wamewahi kushuka na kuikokota mlimani. Isitoshe, wengi wameiona dinamo ndogo isuguayo ubavu wa tairi na kuwasha taa. Dinamo hiyo ya volti 6 na wati 3 huchukua mwendo wa gurudumu na kutoa umeme. Mwalimu aweza kuuliza swali jepesi: je, haiwezekani kufanya kinyume chake, umeme uingie na gurudumu lisukumwe?

Wazo hilo si geni. Tarehe 31 Desemba 1895 Mmarekani Ogden Bolton alipewa hataza ya baiskeli yenye mota ya umeme ndani ya gurudumu la nyuma. Nchini Ufaransa, kuanzia mwaka 1946, iliuzwa VéloSoleX, baiskeli yenye injini ndogo ya petroli iliyosukuma gurudumu la mbele kwa rola iliyosugua tairi. Mwaka 1993 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa baiskeli ambayo mota yake hupima jinsi mtu anavyokanyaga pedeli na kumwongezea msaada kwa kadiri hiyo. Sisi tutaazima wazo la rola kutoka kwa Wafaransa na wazo la kusaidia kutoka kwa Wajapani. Kwani mota yetu haikusudiwi kumbeba mtu aliyekaa kama abiria, bali kumpunguzia kazi anayekanyaga.

Malengo ya somo

Mwishoni mwa somo, ambalo huchukua vipindi vinane hivi, wanafunzi waweze:

(a) kupima kani inayohitajika kuisogeza baiskeli penye tambarare na mlimani;
(b) kukokotoa nguvu kutokana na kani na mwendo;
(c) kuchagua kipenyo cha rola kinachofaa mota waliyo nayo;
(d) kukadiria umbali ambao betri itamfikisha mpandaji;
(e) kueleza kwa maneno yao wenyewe kwa nini mota yenye nguvu yaweza kushindwa na kilima.

Lengo la mwisho ndilo kubwa. Manne ya kwanza ni njia ya kulifikia.

Hatua ya kwanza: kupima kabla ya kuunda

Mwalimu asikubali kipande chochote cha chuma kikatwe kabla ya vipimo kuchukuliwa. Mwanafunzi mmoja apande baiskeli na kukaa bila kukanyaga. Mwingine aivute polepole kwa mizani ya springi penye barabara ngumu iliyo tambarare. Tuseme baiskeli ina kilo 20, mpandaji kilo 72, na mzigo wa kilo 8 umewekwa badala ya mota na betri zitakazokuja; jumla kilo 100. Mizani yaweza kuonyesha kiasi cha gramu 800, yaani kani ya nyutoni 8. Wanafunzi hushangaa kwamba mzigo wa kilo 100 wavutwa kwa kidole. Waivute tena penye mchanga, na mshangao utageuka upande wa pili.

Kisha wapime kilima. Kwa ubao mrefu, pima maji na kamba, waweza kugundua kwamba barabara hupanda meta 5 katika kila meta 100. Uzito wa kilo 100 ni nyutoni 1,000 hivi. Kwa hiyo kilima hicho chadai nyutoni 50 zaidi ya zile 8 za tambarare. Upepo nao una sehemu yake: kwa mwendo wa meta 5 kwa sekunde, ambao ni kilometa 18 kwa saa, humzuia mpandaji kwa nyutoni 9 hivi, kwa nusu ya mwendo huo hupungua hadi nyutoni 2 hivi.

Sasa nguvu ikokotolewe kwa kuzidisha kani na mwendo. Penye tambarare: nyutoni 17 mara meta 5 kwa sekunde, ni wati 85. Mlimani, kwa mwendo wa meta 2.5 kwa sekunde: nyutoni 60 mara 2.5, ni wati 150. Mtu mzima wa kawaida huweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa muda mrefu bila kuchoka sana. Basi jedwali lenyewe laeleza kwa nini tambarare twaipita tukizungumza, na mlimani twashuka.

Hatua ya pili: kuchagua mota na rola

Kwa somo hili nimeona inafaa kutumia mota ya mkondo mnyofu yenye brashi, ya volti 24 na wati 250, kama zile zilizomo katika vipikipiki vidogo vya umeme vya watoto. Mota zisizo na brashi ni nyepesi zaidi na hupoteza nishati kidogo zaidi, lakini zahitaji kidhibiti ambacho mwanafunzi hawezi kukielewa kwa macho. Ya brashi ina nyaya mbili tu, hufunguliwa na kuonekana ndani, na ikizungushwa kwa mkono huwasha balbu ndogo, jambo linalokamilisha ule ulinganisho na dinamo. Uzito wake ni kilo 2 hivi.

Tuseme kibandiko cha mota chasema mizunguko 2,650 kwa dakika, yaani 44 kwa sekunde. Twataka ukingo wa tairi uende meta 5 kwa sekunde. Kila mzunguko wa rola hauna budi kusukuma tairi meta 5 gawanya kwa 44, ambazo ni sentimita 11.4 hivi. Tukigawanya kwa 3.14 twapata kipenyo cha sentimita 3.6. Wanafunzi watambue kwamba ukubwa wa gurudumu lenyewe haukuingia katika hesabu hii hata kidogo. Rola husukuma ukingo wa tairi, na mwendo wa ukingo ndio mwendo wa baiskeli.

Kani je? Wati 250 zikigawanywa kwa meta 5 kwa sekunde hutoa nyutoni 50. Rola ikiwa nene zaidi, mwendo waongezeka na kani yapungua. Ikiwa nyembamba, kani yaongezeka na mwendo wapungua. Nguvu ya mota ni ile ile. Hapa ndipo kani na nguvu huanza kuachana mbele ya macho ya mwanafunzi.

Hatua ya tatu: kuunda

1. Sehemu ya madigadi ya nyuma iliyo chini ya keria ikatwe kiasi cha kupitisha rola.

2. Bamba la chuma lenye unene wa milimita 3 hivi lifungwe chini ya keria kwa bawaba imara, ili liweze kuinuka na kushuka. Mota ifungwe juu ya bamba hilo.

3. Rola ya chuma ikerezwe na fundi mwenye kerezo, itobolewe ikae barabara juu ya mhimili wa mota, na ifungwe kwa skrubu mbili. Uso wake uchanjwe mistari mifupi ili ushike tairi bila kulitafuna. Mwisho wa pili wa rola uegemezwe kwenye beringi, la sivyo mhimili wa mota utapinda.

4. Springi ikandamize bamba chini. Mpira mkavu juu ya chuma kilichochanjwa hushika kwa kiasi cha sehemu 6 katika kila 10 za kani inayoukandamiza. Ili kusukuma kwa nyutoni 50 twahitaji kukandamiza kwa nyutoni 83 hivi, kama uzito wa kilo 8. Tairi likilowa rola huteleza, na mpandaji sharti ajue hivyo.

5. Waya wa breki wa akiba na mkono wake vitumike kuinua rola. Mpandaji akiachia, rola yagusa tairi. Akivuta, yaachana nalo kabisa. Kwa njia hii betri ikiisha baiskeli huwa baiskeli ya kawaida, na mtu hurudi nyumbani kwa miguu yake bila kuburuta mota.

6. Betri, fyuzi, kidhibiti mwendo na swichi viunganishwe kwa mfuatano huo kwa waya mnene. Fyuzi ya ampea 20 ikae karibu kabisa na betri. Swichi ya pili iwekwe kwenye mkono wa breki, ili mtu ashikapo breki umeme ukatike.

Kuhusu betri, mwalimu ana njia mbili. Betri mbili za risasi zilizofungwa, za volti 12 na ampea-saa 7 kila moja, zina uzito wa kilo 5 hivi kwa pamoja. Hubeba wati-saa 168, lakini zikinyonywa kwa haraka hutoa kiasi cha 100 tu. Betri ya lithiamu yenye nishati kama hiyo haifiki kilo 2. Ni nyepesi, lakini ikitobolewa, ikichajiwa kupita kiasi au ikiunganishwa vibaya yaweza kuwaka moto mkali usiozimika upesi. Wanafunzi wasiunganishe wenyewe seli zilizotolewa katika kompyuta mbovu, hata wakisisitiza kwamba wanajua. Kwa darasa, mimi hutumia risasi na kukubali uzito wake. Kilo 3 za ziada katika kilima chetu huongeza nyutoni 1.5 tu, na hesabu hiyo nayo ni zoezi zuri.

Jinsi tulivyoshindwa

Mwaka 2022 nilifanya kazi hii kwa mara ya kwanza na kundi la wanachuo. Nakiri kwamba niliiruka hatua ya kwanza. Tuliona mota ya wati 250, mmoja akakumbuka kwamba nguvu farasi moja ni wati 746 hivi, tukafurahi kwamba tulikuwa na theluthi ya farasi, na sote tukasema: "Mota hii ina nguvu." Kidhibiti chetu hakikuwa na kikomo cha mkondo. Fyuzi ilikatika mara mbili penye tambarare, wakati wa kuondoka. Nasi, kwa haraka ya kumaliza, tukaweka kipande cha waya wa shaba mahali pake. Niliona likifanywa, na sikulikataza.

Siku ya majaribio kijana mmoja mnene alisimama chini ya kilima kilicho karibu na chuo, ambacho hupanda meta 8 katika kila 100, akaachia rola bila kukanyaga pedeli. Baiskeli ilisogea hatua chache ikasimama. Mota iliguna, ikanuka, ikatoa moshi. Kijana aliruka chini kabla hajaungua, namshukuru Mungu. Tulipokuwa tumeizunguka mota iliyokufa, akapita mzee akikokota baiskeli yenye magunia ya mkaa. Alitusalimu, tukaitikia marahaba yake kwa aibu, naye akakipanda kilima kile kile bila kusimama. Ndipo mwanachuo mmoja wa kike akaniuliza: "Mwalimu, mota hii ina nguvu kuliko watu wawili. Mbona imeshindwa pale ambapo mzee ameweza?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Tulirudi darasani, tukaandika hesabu ambazo zilistahili kuandikwa wiki mbili kabla. Mota yetu ilitoa kani ya nyutoni 50. Kilima, kwa kilo 100, kilidai nyutoni 80 pamoja na 8 za barabara. Mzee, kwa makadirio yetu, alisukuma kilo 120 za baiskeli na mkaa. Kilima kilimdai nyutoni 96 na barabara kama 10, jumla 106. Lakini alikwenda meta moja tu kwa sekunde au pungufu. Nguvu yake, bila kuhesabu uzito wa mwili wake, ilikuwa wati 106. Alitumia kani kubwa kuliko mota na nguvu ndogo kuliko mota. Mambo hayo mawili, ambayo Kiswahili cha mtaani hukiita kitu kimoja, yalikuwa yamepita mbele yetu barabarani yakiwa yametengana.

Moshi nao ulikuwa na maelezo yake. Mota izungukapo huzalisha volteji ya kinyume inayopinga betri, na hiyo ndiyo izuiayo mkondo usizidi. Ikisimama, kinyume hicho hutoweka. Tuseme ukinzani wa nyuzi za mota ni omu 0.3. Katika kazi ya kawaida mkondo ni ampea 13 hivi, na joto la nyuzi ni 13 mara 13 mara 0.3, yaani wati 51. Mkondo ukiwa maradufu joto huwa mara nne. Mota ikisimama kabisa, volti 24 gawanya kwa 0.3 ni ampea 80, na joto lapita wati 1,900, kama pasi mbili za umeme ndani ya kopo dogo. Hata kama betri haikuweza kutoa yote hayo, ilitoa ya kutosha. Fyuzi ilijaribu kutuambia hivyo mara mbili, nasi tukainyamazisha.

Tulipounda ya pili tulinunua kidhibiti chenye kikomo cha mkondo, tukaweka sharti kwamba mpandaji aanze kukanyaga kabla ya kuachia rola. Katika kilima cha meta 5 kwa 100 mota hutoa nyutoni 30 na mtu nyutoni 30; kwa mwendo wa meta 2.5 kwa sekunde kila mmoja hutoa wati 75. Penye kilima kirefu cha meta 8 mpandaji hushuka, kama mzee wetu.

Nishati na umbali

Baada ya kani na nguvu yabaki nishati. Penye tambarare kani ya nyutoni 17 kwa meta 1,000 ni juli 17,000, yaani wati-saa 4.7. Mota na rola hupoteza sehemu ya umeme kwa joto na msuguano. Tukichukua kwamba sehemu 6 katika 10 ndizo zinazofika barabarani, kila kilometa hula wati-saa 8 hivi. Wati-saa 100 za betri zitakwenda kilometa 12 ikiwa mota yafanya kazi yote, na kilometa 25 mpandaji akifanya nusu. Wanafunzi wajaribu, kisha walinganishe matokeo na makadirio. Tofauti ikiwapo, wasiifute. Waitafutie sababu katika upepo, tairi lisilojaa, au betri iliyozeeka.

Usalama

Majaribio yafanyike katika uwanja wa shule, breki zikiwa zimekaguliwa na mpandaji akiwa na kofia ngumu. Mwalimu akatae maombi ya kuongeza mwendo. Kwa kilo 100, baiskeli iendayo meta 5 kwa sekunde ina nishati ya mwendo ya juli 1,250. Ikienda meta 10 ina juli 5,000. Mwendo maradufu, kazi ya breki mara nne. Nchi za Umoja wa Ulaya, ili baiskeli ya kusaidiwa ihesabiwe kuwa baiskeli na si pikipiki, huitaka mota isizidi wati 250 na ikome kusaidia mwendo ufikapo kilometa 25 kwa saa. Ni kipimo cha busara hata kwetu.

Maswali ya kupima uelewa

1. Mtu anasukuma ukuta usiosogea kwa nyutoni 200. Anatoa nguvu ya wati ngapi?
2. Rola ya sentimita 3.6 ikibadilishwa kwa ya sentimita 5, nini kitaongezeka na nini kitapungua?
3. Betri mbili zina nishati sawa, lakini moja huisha kwa nusu saa na nyingine kwa saa moja. Ipi ilitoa nguvu kubwa zaidi?
4. Eleza kwa nini mzee wa mkaa alifaulu.

Hitimisho

Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, walimu tumehimizwa kuunganisha darasa na kazi. Yafaa tukumbuke kwamba kazi ya mikono pekee haifundishi. Wanachuo wangu walikata chuma, wakachomelea na kuunganisha nyaya kwa ustadi, na bado hawakujua walichokuwa wakikifanya, kwa sababu mimi sikuwadai vipimo. Mota iliyoungua nimeihifadhi katika maabara. Kila kundi jipya hupewa kuinusa kabla ya kupewa mizani ya springi, na fyuzi huwa ya ampea 20.